Kabla hujamtoa mtoto majini, uliza ni sikio gani

Afisa wa kliniki hakuanza na taa. Alianza na vidole. Alilishika sikio la mpwa wangu kwa juu, akalivuta pole pole kuelekea kisogoni, na kijana, ambaye tangu asubuhi alikuwa akijikaza asilie mbele za watu, akapiga ukelele uliofika hadi kwenye foleni nje.

"Pole, baba, pole sana," afisa akamwambia, kisha akamgeukia dada yangu. "Mama, hili ni la nje. La ndani haliumi hivi ukilivuta."

Ndipo akachukua taa. Akachungulia, akasogea, akachungulia tena. Alisema njia ya sikio imevimba hivi kwamba kiwambo, ile ngozi nyembamba ya mwisho wa njia, anakiona kwa shida. Akaandika dawa ya matone, akaandika na ya maumivu. Mgonjwa mwingine alikuwa ameshaingia, kitabu cha kliniki mkononi, afisa alipotoa neno la mwisho.

"Na maji aache, mama. Asiogelee."

Kufikia jioni, miwani ya kuogelea ya kijana ilikuwa imeshapewa mtoto wa jirani. Dada yangu alikuwa kwenye simu na mama yetu kule kijijini, akimwambia kwamba alijua tangu mwanzo, kwamba bwawa lingemharibu mtoto masikio, kwamba pesa za muhula wa kuogelea zilizobaki zibaki huko huko. Sikio lenyewe lilianza kupoa baada ya siku chache. Mimi ndiye sikupoa. Kwa wiki kadhaa neno lile la mlangoni lilinikaa kichwani, kwa sababu lilikuwa na shimo katikati na hakuna aliyelijaza.

Aache mpaka lini?

Masikio mawili ndani ya moja

Mtaani kwetu sikio ni sikio tu. Mtoto akisema linauma, mmoja ataleta mafuta ya kupikia yaliyopashwa kwenye kijiko, mwingine atatafuta mama anayenyonyesha amkamulie matone mawili, wa tatu atakumbuka kichupa cha dawa kilichobaki mwaka juzi. Hakuna anayeuliza maumivu yako upande gani wa kiwambo, na ilhali mambo yote yanaamuliwa hapo.

Njia ya sikio ya mtu mzima ina urefu wa takriban sentimita 2.5. Haikunyooka, ina kona. Mwisho wake umefungwa na kiwambo, ile ngozi nyembamba inayotikiswa na sauti. Kiwambo kikiwa kizima, maji ya bwawa hayavuki. Yanaishia pale. Kwa hiyo ugonjwa unaoletwa na kuogelea, kwa kawaida, ni ugonjwa wa ile njia: ngozi inayoizunguka inalowa, inapata mchubuko, inashambuliwa na vijidudu, inavimba.

Sikio la kati liko nyuma ya kiwambo, na vijidudu vyake huingia kwa mlango mwingine kabisa. Kuna mrija unaotoka huko hadi nyuma ya pua. Kwa watoto wadogo mrija huo ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, ndiyo maana mtoto akishikwa na mafua, usiku wa tatu anaamka analia, mwili moto, mkono sikioni. Wakati mwingine kiwambo kinapasuka, usaha unatoka, na maumivu yanapungua ghafla. Mzazi anaona usaha kwenye mto asubuhi na kusema ni maji ya kuogea yaliingia. Yale maji hayana hatia. Yalikuwa mafua.

Tofauti hii unaweza kuihisi kwa mkono, na ndiyo iliyomfanya yule afisa aanze na vidole. Sikio la nje likiugua, ukilivuta, au ukibonyeza kile kinundu kidogo kilicho mbele ya tundu lake, mgonjwa anaruka. Kutafuna kunauma. Kulilalia kunauma. Na kabla ya maumivu, mara nyingi huwa kuna muwasho wa siku kadhaa ambao watoto hawausemi, wanaukuna tu. La kati likiugua, ukilivuta hutaongeza lolote; mtoto anaumwa vile vile, ila ana homa, pua inatiririka, hali chakula.

Sisemi haya ili mtu afungue kliniki jikoni. Nayasema kwa sababu mzazi anayefika mbele ya daktari na kusema "ukiligusa anaruka, na hana mafua" ameshafanya nusu ya kazi.

Nta ina kazi yake

Nilimuuliza mpwa wangu, tukiwa wawili tu, huwa anafanya nini akitoka majini. Akanijibu bila kusita.

"Natoa maji na pamba, Anti. Zile za Mama za saluni."

Dada yangu ana saluni Kondele, hapa Kisumu. Vijiti vya pamba hununua kwa pakiti kubwa, vya kufutia rangi ya kucha na wanja uliopita mstari, na pakiti hukaa wazi kwenye rafu mtoto anapofanyia homuwaki. Kila alipotoka kuogelea alikuwa akichukua kijiti, anakizungusha kila upande, anakitazama, anaridhika akiona rangi ya kahawia.

Ile rangi ya kahawia ndiyo kinga yake aliyokuwa akiitupa.

Nta ya sikio ina mafuta, kwa hiyo hukataa maji. Ina asidi kidogo, na vijidudu vingi havipendi asidi. Hunasa vumbi, hunasa hata wadudu. Na haihitaji kuchokolewa, maana ngozi ya njia ya sikio hukua ikielekea nje, ikiibeba nta pamoja nayo, na taya zikitafuna husaidia kuisukuma. Ikifika mlangoni, kitambaa kinatosha.

Sasa mchukue mtoto anayekaa majini saa nzima, mara kadhaa kwa wiki. Maji yanayobaki kwenye ile kona hulainisha ngozi. Ukifua nguo asubuhi nzima, tazama vidole vyako saa sita: vimekunjamana, vimekuwa laini, na ukigusa pilipili utajua palipochubuka. Ngozi ya ndani ya sikio iko hivyo hivyo. Nta imeoshwa, asidi imepungua, na hapo ndipo kijiti kinaingia na kukwaruza. Mkwaruzo hauonekani wala hausikiki. Lakini bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa, anayependa mahali penye unyevu, hahitaji mlango mkubwa. Mwenzake, Staphylococcus aureus, tayari hukaa kwenye ngozi za watu wengi akingoja nafasi kama hiyo.

Ongeza joto la Kisumu na unyevu wa ziwa. Sehemu zenye joto na unyevu ndizo ugonjwa huu unakostawi, na sisi tunaishi katikati ya vyote viwili. Ndiyo maana unaweza hata kumpata mtu ambaye hajawahi kutia mguu bwawani. Nimewaona wanaume kwenye matatu ya Ahero wakijichokoa kwa ufunguo, nimewaona walimu wakitumia kifuniko cha biro huku wanasahihisha madaftari, nimewaona akina mama sokoni Kibuye wakitumia njiti ya kiberiti upande ule usio na baruti. Wote wanafanya wanachofikiri ni usafi.

Kwa hiyo swali langu la kwanza, kama bwawa ndilo lenye kosa, lilianza kupoteza nguvu. Maji yalikuwepo, ndiyo. Lakini katika darasa lile la kuogelea kuna watoto wengi wanaolowa masikio vile vile, kwenye maji yale yale, na hawaugui. Siwezi kuapa kwamba pamba peke yake ndiyo iliyomtofautisha mpwa wangu. Ila ndicho kitu ambacho daktari yeyote wa masikio atakikataza kwanza, na ndicho tulichoweza kukiondoa kwenye rafu siku ile ile.

Kabla ya kudondosha chochote

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanaumizana kwa nia njema.

Mafuta ya moto ya kijiko yanaweza kuunguza. Kitunguu saumu kinaunguza ngozi iliyokwisha kuvimba. Maziwa ya mama, pamoja na heshima yote niliyo nayo kwa bibi zetu, ni chakula, na ndani ya sikio lenye vijidudu chakula hicho kina walaji. Lakini kilichonistua zaidi ni kichupa cha dawa halali, kutoka duka la dawa halali, kilichobaki kwa mgonjwa mwingine.

Baadhi ya matone ya masikio yana dawa za jamii ya gentamisini na neomisini. Sikio la nje likiwa linaugua na kiwambo ni kizima, hutumika. Lakini kiwambo kikiwa na tundu, dawa hizo zinaweza kupenya hadi sikio la ndani kabisa, kule kwenye chembe zinazosikia na zinazotupa usawa wa mwili, na kuzidhuru. Usikivu unaopotea kwa njia hiyo haurudi. Ndiyo maana kwa sikio ambalo kiwambo chake kimetoboka, au ambalo haijulikani kama kimetoboka, wataalamu huchagua matone ya aina nyingine, kama siprofloksasini.

Sasa fikiria: nani katika nyumba yetu aliyekuwa anajua hali ya kiwambo cha yule mtoto kabla afisa hajawasha taa?

Kuna mchanganyiko mwingine wa masikio unaosambazwa sana kwa simu: siki nyeupe na spiriti, nusu kwa nusu, matone machache baada ya kuogelea. Si uzushi. Siki inarudisha asidi, spiriti inasaidia kukausha, na hata madaktari wa nchi nyingine huwashauri waogeleaji hivyo. Lakini wanawashauri wenye kiwambo kizima, wasio na maumivu, wasio na kidonda. Kwa mtoto ambaye sikio lake halijawahi kuchunguliwa, mimi nisingethubutu. Kwenye tundu la kiwambo mchanganyiko huo ni moto.

Dawa ya kweli ya sikio la nje, niliyoiona ikifanya kazi, ni ya kawaida kabisa: matone yenye antibiotiki, mara nyingi yakiwa na steroidi ya kutuliza uvimbe, kwa siku 7 hadi 10. Vidonge vya antibiotiki mara nyingi havihitajiki, ingawa ndivyo tunavyopenda kuuziwa. Matone hufika pale pale penye ugonjwa kwa nguvu ambayo kidonge hakiwezi kufikisha.

Ila yafike. Tulifundishwa hivi: kichupa kishikwe kwenye kiganja dakika chache kwanza, maana matone baridi humtia mtu kizunguzungu. Mtoto alale ubavu, sikio bovu juu. Vuta sikio juu na nyuma ili ile kona inyooke; kwa mtoto wa chini ya miaka 3, livute chini na nyuma. Dondosha. Bonyeza kile kinundu cha mbele mara kadhaa ili hewa itoke na dawa ishuke. Kisha alale hivyo hivyo dakika 3 hadi 5. Mpwa wangu alikuwa akilala kwenye benchi la wateja la saluni, kichwa juu ya taulo, macho kwenye televisheni, na mteja mmoja alikuwa akimhesabia dakika kwa sauti.

Njia ikiwa imevimba kiasi kwamba dawa haipiti, daktari huingiza utambi mdogo unaoivuta dawa hadi ndani. Maumivu ya ugonjwa huu si ya kudharauliwa, kwa hiyo parasetamoli au ibuprofeni isichukuliwe kama anasa. Na ikiwa siku 2 au 3 za matone zimepita bila nafuu yoyote, rudi. Huenda ni kuvu, ambayo antibiotiki haiiwezi na huenda hata ikaisaidia kushamiri. Hiyo huwasha kuliko kuuma, na daktari akichungulia huona utando, pengine wenye vitone vyeusi.

Jambo moja lisingoje siku 3. Mzee mwenye kisukari, au mtu ambaye kinga yake ya mwili imepungua, akiwa na maumivu makali ya sikio yanayomnyima usingizi, apelekwe hospitali siku hiyo. Kwa watu kama hao ugonjwa huu mdogo unaweza kutoka kwenye ngozi ukaingia kwenye mfupa wa fuvu. Tuna wazee wengi wa kisukari siku hizi, na wengi wao wanatibiwa masikio kwa kijiko cha mafuta.

Yule anayepima maji

Nilienda bwawani asubuhi, kabla ya watoto. Nilitaka kuona.

Mhudumu alikuwa amepiga magoti ukingoni na kisanduku kidogo cha plastiki chenye vijichupa viwili vya kuonea. Akateka maji, akadondosha dawa moja huku, nyingine kule, akatikisa, akainua kwenye mwanga. Upande mmoja ukageuka manjano, upande wa pili ukawa mwekundu wa kupauka. Manjano ni klorini: ikipauka sana, imepungua. Wekundu ni kipimo cha asidi ya maji. Kando ya kila kijichupa kuna rangi zilizopigwa chapa, analinganisha kwa jicho, anaandika kwenye daftari la shule lenye jalada lililolowa.

Alinieleza kwamba jua la Kisumu hula klorini kuanzia asubuhi hadi jioni, na kwamba Jumamosi watoto wakijaa hupungua hata zaidi. Asipopima mchana, maji ya saa kumi si maji ya saa mbili. Kiwango cha chini kinachopendekezwa ni miligramu 1 ya klorini kwa lita moja, na kipimo cha asidi kati ya 7.0 na 7.8. Katika kiwango hicho Pseudomonas hufa. Kikishuka, bakteria huyo hujishikiza kwenye kuta na kutengeneza utelezi.

"Madamu, gusa ukuta wa bwawa lolote chini ya maji," akaniambia. "Ukiteleza, usiingize mtoto."

Na ile harufu kali tunayoiita harufu ya klorini, ambayo wazazi wengi huifurahia wakidhani ndiyo usafi? Hutokea klorini inapokutana na jasho na mkojo. Bwawa lililotunzwa vizuri halinuki hivyo.

Ziwa ni habari nyingine. Hakuna anayepima Ziwa Victoria kwa kisanduku. Pale Dunga watoto huruka kutoka kwenye mitumbwi mchana kutwa, na baada ya mvua mito inayopita mjini huleta kila kilichokuwa kwenye mitaro. Kichocho kipo, kila mtu wa hapa anajua. Masikio ni sehemu ndogo tu ya hatari zake. Rafiki yangu wa Nakuru, ambako watoto huingia bwawani asubuhi ya baridi, aliniambia kwao baridi ndiyo hulaumiwa, na watoto huvalishwa kofia za sufu hata jua likiwaka. Kofia haina ubaya. Ila baridi ya asubuhi haimtii mtu usaha sikioni.

Hofu ya dada yangu

Ningeweza kuishia hapo na kusema dada yangu alikosea. Lakini hofu yake ina mizizi, na mimi naijua.

Tuna binamu ambaye sikio lake lilikuwa likitoa usaha tangu akiwa mdogo. Lilikuwa linakauka, linaanza tena. Shuleni wenzake walimkimbia kwa sababu ya harufu. Mwalimu alimpiga kwa ukaidi, kumbe hakuwa akisikia. Leo ukiongea naye unasimama upande wa kulia, na hata upande huo unapaza sauti. Dada yangu ndiye aliyekuwa akilala naye kitanda kimoja. Kila anapoona kiowevu kikitoka kwenye sikio la mtoto, anamwona yeye.

Ugonjwa wa binamu yetu una sura yake. Usaha ukitoka kupitia tundu la kiwambo kwa zaidi ya wiki 2, umekuwa sugu, na huo ndio unaokula usikivu pole pole. Tiba yake ya msingi inajulikana, iko kwenye miongozo ya kutibu watoto inayotumika kwenye zahanati zetu, na haihitaji mashine: sikio likaushwe kwa utambi wa kitambaa safi au karatasi laini isiyochanika upesi, iliyosokotwa, uingizwe, utolewe ukilowa, uwekwe mwingine hadi utoke mkavu, angalau mara 3 kwa siku, kisha matone ya jamii ya siprofloksasini kwa wiki 2. Tundu lisipofunga, daktari wa upasuaji wa masikio anaweza kuliziba. Na huyo, ndiyo, maji yasimwingie hadi daktari wa masikio aseme. Binamu yetu hakupata hata moja kati ya hayo.

Kwa hiyo hofu ilikuwa halali. Ilikuwa tu ya sikio lingine.

Nilimweleza hivyo, si siku moja, na hakukubali mara moja. Aliniuliza swali ambalo lilinitia shaka mimi mwenyewe: "Na wewe una uhakika gani kwamba kiwambo chake ni kizima? Yule daktari mwenyewe alisema hakioni vizuri."

Ni kweli. Hakukiona. Uvimbe ulikuwa umekificha. Kwa hiyo hata "la nje" ilikuwa nusu ya jibu mpaka achunguliwe tena sikio likishapungua. Na hakuna aliyekuwa amepanga kurudi, kwa sababu maumivu yakiisha sisi hatuna desturi ya kurudi.

Gharama ya kumtoa majini

Kwa nini nilishikilia? Mtoto anaweza kuishi bila kuogelea, watu waliniambia. Acheze mpira.

Sisi tunaishi kando ya ziwa. Mto Nyando hufurika Kano, mto Nzoia hufurika Budalang'i, na mvua kubwa ikinyesha watoto huvuka maji wakienda shule. Wavuvi huzama, wengine wao wamezaliwa ufukweni na hawajawahi kufundishwa kuelea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Kumfundisha mtoto kuogelea na kujiokoa ni mojawapo ya njia ambazo shirika hilo linazipendekeza. Huku kwetu mama wengi hulikataza ziwa kabisa, na mtoto hulikuta peke yake siku moja akiwa na wenzake, bila somo hata moja.

Nikiweka hayo kwenye mizani na sikio la nje linalopona kwa matone ya wiki moja, sioni kama ni mizani sawa.

Dada yangu alirudi kliniki mwenyewe. Sikumsindikiza, aliniambia baadaye. Afisa alichungulia, safari hii akakiona kiwambo chote, kizima. Dada akauliza lile swali kwa mdomo wake: aache maji mpaka lini? Jibu lilikuwa rahisi. Mpaka dawa iishe, maumivu yaishe, kusiwe na majimaji yoyote. Kwa wengi ni siku 7 hadi 10. Mpwa wangu alikuwa tayari amezipitisha.

Sasa ana utaratibu wake, na sehemu nzuri ni kwamba vifaa vyote viko saluni. Akitoka majini anainamisha kichwa, anavuta sikio huku na huku mpaka maji yashuke, upande mmoja kisha mwingine. Ncha ya taulo inafuta nje tu, haiingii ndani. Akifika saluni mama yake anawasha draya ya mkono kwenye moto wa chini kabisa, anaishika umbali wa karibu sentimita 30, anaitikisa tikisa isitulie mahali pamoja. Vizibo vya silikoni tulinunua, lakini ngozi yake bado huwashwa navyo, kwa hiyo tumeviweka kando. Vijiti vya pamba vimehamia kwenye kabati lenye kufuli. Siku akisema sikio linawasha, haendi majini siku hiyo, hatungoji liume.

Yule wa kwenye benchi

Siku niliyoenda kumchukua mpwa wangu, niliona msichana wa umri wake ameketi kwenye benchi na sare ya shule, akiwatazama wenzake. Nilidhani ana mafua. Kocha akaniambia hapana, huyo huja na kaka yake kila wiki, haogelei, sikio lake hutoa majimaji tangu utotoni. Mama yake alipofika nilimsalimu, tukaongea. Alisema sikio litaacha binti akikua. Kliniki alikwenda zamani, akapewa sharubati ya antibiotiki, likakauka, likaanza tena. Hakuna aliyewahi kumwambia juu ya utambi wa kitambaa wala kwamba kuna daktari wa masikio, pua na koo anayeweza kuliangalia tundu lenyewe. Nilimwomba asingoje binti akue. Nilimwelekeza pa kuanzia, zahanati ya karibu naye, aombe barua ya rufaa. Wiki iliyofuata alinitumia ujumbe kwamba amepewa tarehe.

Kisha nikamrudia kocha. Fomu yake ya kusajili watoto ina jina, umri, simu ya mzazi na pumu. Nikamwomba aongeze mstari mmoja: je, sikio la mtoto limewahi kutoa usaha? Mzazi akijibu ndiyo, mtoto achunguliwe kiwambo kabla ya somo la kwanza. Akasema fomu za muhula huu zimeshachapishwa, ila za muhula ujao bado ziko kwenye kompyuta. Akaifungua pale pale, tukauandika huo mstari pamoja, chini ya pumu.